Chumvi Kwenye Udongo: Kisa cha Bagi Lililougua Magonjwa Mawili kwa Siku Moja

Simu ililia saa mbili kasorobo asubuhi, Jumamosi moja ya Januari, nami niko Likoni nimefungua mgongo wa friji ya mtu.

"Shikamoo mjomba. Gari lapinduka."

"Marahaba. Lapinduka vipi?"

"Nikikata kona tu, lalala chali kama kombamwiko. Na jana jioni lilikuwa sawa."

"Umegusa nini tangu jana?"

"Sijagusa kitu, wallahi."

Nikamwambia angoje nimalize kazi nivuke. Hakungoja. Ana miaka kumi na tisa, na kesho yake, Jumapili, walikuwa na mashindano yao ya mtaani, vijana kama kumi na magari yao ya rimoti. Nilipovuka feri nikapanda matatu mbili mpaka kwenye kiwanja chao upande wa Kisauni, ilikuwa imeshapiga saa saba mchana, na gari lilikuwa na ugonjwa mwingine, kinyume kabisa cha ule wa asubuhi. Halikupinduka tena. Sasa kila likitoka kwenye kona mkia ulitoroka, likazunguka kama pia.

"Asubuhi lashika mno, saa hii halishiki hata kidogo," akaniambia, jasho lamchuruzika. "Mjomba, hili gari lina mashetani."

Mashetani hayakuwapo. Kulikuwa na mambo mawili yaliyopandana, moja la gari na moja la ardhi, na la ardhi ndilo lililonichukua muda kulielewa. Nakieleza kisa kizima kwa sababu nimeona wengi hapa pwani wakifungua gari mpaka skrubu ya mwisho kutafuta kitu ambacho hakiko ndani ya gari.

Kwanza gari lenyewe. Ni bagi, yaani gari la rimoti la kukimbilia kwenye udongo na matuta, la kipimo cha 1/8 (sehemu moja ya nane ya gari halisi), la umeme, magurudumu yote manne yanavuta. Sheria za kimataifa za bagi za kipimo hiki haziruhusu upana kupita milimita 310, wala uzito kuwa chini ya kilo 3.2, lake ni zito zaidi kidogo. Betri ni ya lipo (lithiamu-polima) ya seli nne, volti 14.8. Lina difu tatu, gia zinazogawa nguvu ya mota kwa magurudumu: ya mbele, ya kati na ya nyuma, zote zimejazwa oili ya silikoni. Nambari ya oili ikipanda, oili huwa nzito na difu huwa ngumu kuachia gurudumu moja lizunguke peke yake. Mpangilio wake wa kawaida, ule tuliouandika pamoja mwezi wa Oktoba, ni huu: difu 5000 mbele, 7000 kati, 3000 nyuma, shokapu oili ya 450 mbele na 400 nyuma, kimo cha chesisi kutoka chini milimita 27 mbele na 28 nyuma, fimbo ya kuzuia gari kulala (stebilaiza) ya unene wa milimita 2.3 mbele na 2.6 nyuma; magurudumu ya nyuma ncha zake zimeelekezwa ndani digrii 3.

Nikamwambia anionyeshe daftari.

Daftari lilikuwa nyumbani.

Basi tukaanza kukumbuka kwa mdomo. Tangu saa mbili asubuhi alikuwa ameshabadilisha mambo saba. Oili ya shokapu zote nne aliitoa, akajaza ya 600. Springi akaweka ngumu mbele na nyuma. Gari akalishusha milimita nne nzima. Stebilaiza ya nyuma akafunga ya 2.8. Shokapu za mbele akazisimamisha, akazihamisha tundu moja juu ya mnara, kile kibao kinachoshika vichwa vya shokapu. Mvuto wa mota akauongeza kwenye programu, "ili litoke haraka kabla halijapinduka". Na ncha za magurudumu ya nyuma akazipunguza mpaka digrii 2. Nikamuuliza, kati ya hayo saba, lipi lililoponya kupinduka? Akanitazama. "Yote," akasema.

Hili la "yote" ndilo linalonichosha kwa vijana wa rimoti. Mtu aliyekunywa dawa saba kwa mpigo hajui ipi imemponya, wala ipi imemletea kuhara. Nikamwambia tulirudishe gari lilivyokuwa Oktoba, lote, kisha ndipo tutazame. Akaguna, maana kubadilisha oili ya shokapu nne si mchezo, lakini akafungua sanduku la vyombo.

Yeye akifungua, mimi nikaenda kuchuchumaa kwenye njia.

Kiwanja chao ni udongo mwekundu ulioletwa na lori ukamwagwa juu ya mwamba wa matumbawe, ukasawazishwa na kushindiliwa kwa miguu na kwa mapipa. Kona kubwa mbili, matuta matatu ya kurukia, na njia nyembamba yenye mashimo inayorudi nyuma. Saa ile ya mchana ulipoburuta kisigino, juu palikuwa na vumbi jepesi la unene wa ukucha, chini yake pagumu pamelainika kama sakafu ya saruji iliyosuguliwa. Kwenye pagumu pale palikuwa na mstari mweusi wa mpira ulioachwa na tairi, lakini vumbi lilikuwa limeufunika. Tairi ikikanyaga vumbi la namna hiyo ni kama mtu aliyevaa soksi juu ya terazo.

Nikamwita. "Asubuhi hapa palikuwaje?"

"Peusi. Pamelowa. Tairi zashika mpaka zalia. Kama halua."

"Nani alimwagia maji?"

"Hakuna. Mara ya mwisho ni Alhamisi jioni."

Hapo ndipo nilipoacha kufikiria gari. Mvua haikuwa imenyesha tangu Krismasi. Januari ni kaskazi, ni wakati wa ukavu. Maji ya Alhamisi jioni yangekuwa yamekauka Ijumaa saa nne. Sasa unyevu wa Jumamosi asubuhi ulitoka wapi? Yeye akasema ni umande. Nami nikakaribia kukubali, mpaka aliponionyesha video aliyochukua saa mbili kwa simu yake, ya gari likipinduka. Njia ilikuwa imekoza rangi ya kahawa. Lakini nyuma yake, hatua tano tu, lilionekana rundo la udongo uliobaki wa lori lile lile, nalo lilikuwa limepauka, kavu, la rangi ya matofali. Umande hauchagui. Ungeanguka njiani ungeanguka na kwenye rundo.

Tofauti kati ya rundo na njia ni moja tu: njia humwagiwa maji, rundo halijawahi kumwagiwa. Na maji yenyewe ni ya kisima cha jirani, kwa mpira, miezi minane sasa. Nikaenda pale mpira unapoachwa ukidondoka. Ukingoni mwa kidimbwi kilichokauka palikuwa na ukoko mweupe. Nikaugusa kwa kidole, nikaonja.

"Mjomba!" akapiga kelele.

Chumvi.

Kila aliyekulia Mombasa anajua maji ya visima vingi vya karibu na bahari: ya kufulia na kuoshea vyombo, si ya kunywa. Ukimwagia ardhi maji hayo, maji yanapaa na jua, chumvi inabaki. Kesho unamwagia tena, chumvi inaongezeka. Miezi minane ya hivyo, juu ya udongo wenye mfinyanzi kidogo, na chini mwamba, umetengeneza kiwanja kinachokunywa hewa.

Jikoni jambo hili tunaliona kila siku. Kikopo cha chumvi kikiachwa wazi usiku, asubuhi chumvi imeshikana, imetota, haitoki kwenye matundu. Ndiyo maana mama zetu hutia punje za mchele ndani. Chumvi safi huanza kuvuta maji kutoka hewani na kuyeyuka unyevu wa hewa unapopita asilimia 75 hivi. Chumvi iliyotoka baharini ina na magnesiamu ndani yake, nayo huvuta mapema zaidi, hata hewa ikiwa kavu kuliko hapo. Mimi kazi yangu ni friji na viyoyozi, kipimo cha unyevu hakitoki kwenye mkoba. Nikakitoa. Kivulini, saa saba na nusu, kilisoma 61. Asubuhi ya siku ile, nikiwa Likoni, nilikuwa nimekisoma kwa sababu zangu za kazi: 83.

Kwa hiyo kiwanja kilikuwa kinabadilika chenyewe bila mtu kukigusa. Usiku na alfajiri hewa ya bahari ni nzito, chumvi inavuta maji, udongo unashikana, mshiko unapanda. Jua likishapanda, hewa inakauka, chumvi inaachia maji, juu panapasuka na kuwa vumbi, mshiko unaanguka. Karatasi za mipangilio ambazo vijana huzipakua na kuzifuata kama msahafu, zilizoandikwa na madereva wa timu kubwa, hazina mahali pa kuandika "asubuhi ya kaskazi kwenye udongo wa chumvi". Aliyeandika alikuwa kwenye kiwanja chake, siku yake.

Nikiri pia kwamba chumvi si adui kabisa hapa. Nchi nyingine hununua chumvi maalum kumwaga kwenye njia za udongo ili vumbi litulie. Hawa vijana wameipata bure. Isipokuwa beringi: za gari lile, ukizungusha gurudumu kwa mkono, mbili zilikuwa zinakwaruza kama kinu cha kahawa. Zikaandikwa kwenye orodha ya kununuliwa, na nikamwonyesha jinsi ya kuzifuta na kuzitia oili nyepesi kila jioni. Tuendelee.

Gari lilipokuwa tayari, limerudi kwenye mpangilio wa Oktoba, nikamwambia afanye zoezi moja kabla ya kukimbia: duara pana, mwendo wa wastani, mara tano kushoto, mara tano kulia. Hili ni zoezi la kitoto na ndiyo maana hakuna anayelifanya. Kulia gari lilizunguka vizuri, mkia ukatikisika kidogo tu. Kushoto likazunguka kama pia mara nne kati ya tano.

Ardhi ni ile ile, tairi ni zile zile. Gari likiugua upande mmoja tu, usitafute mpangilio, tafuta kilichoharibika. Likikata kushoto, uzito wote unalalia upande wa kulia, kwa hiyo anayeulizwa kwanza ni shokapu ya nyuma kulia. Tukaifungua kutoka kwenye mkono wa chini unaoshika gurudumu, nikasukuma fimbo yake ndani kwa kidole. Mwanzo wake ilikuwa tupu, inaingia bila kizuizi, kisha ikafanya "chwii", ndipo ikaanza kukaza. Ya kushoto ilikaza tangu mwanzo. Ndani ya ile ya kulia mlikuwa na hewa.

Hewa hiyo ilitoka wapi? Ni ile kazi yake ya asubuhi. Alipobadilisha oili kwa haraka, alijaza, akafunga kifuniko papo hapo, mapovu yakabaki ndani. Na alipokuwa akirudisha oili ya 450 na 400 alifanya vivyo hivyo, upande ule ule, maana ndiyo shokapu aliyoimalizia mwisho mara zote mbili, uvumilivu umeshamwishia. Sikumgombeza sana. Nikamwonyesha: jaza mpaka ukingoni, peleka pistoni juu na chini polepole mpaka mapovu yaache kutoka matunduni mwake, simamisha shokapu kwenye kikombe, nenda kanunue viazi karai, kula, rudi. Dakika kumi. Ndipo ufunge. Na usiziweke kwenye bati lililo juani kama alivyokuwa ameweka gari lake zima. Oili ya silikoni huvumilia joto kuliko oili ya kawaida, lakini nayo hulainika, na shokapu iliyokaa juu ya bati la saa saba haina tena ile 450 uliyoilipia.

Baada ya hapo duara la kushoto na la kulia yakawa sawa. Mkia bado ulitoroka, lakini sasa ulitoroka kwa haki, pande zote. Ugonjwa wa gari ukawa umekwisha, ukabaki wa ardhi.

Nikamuuliza swali ambalo naona ndilo gumu kuliko yote katika mambo haya: mkia watoroka lini? Ukiwa waingia kona na breki, ukiwa katikati gari linateleza lenyewe, ama ukiwa watoka na wavuta triga, ile ya mwendo kwenye rimoti? Akasema "kote". Nikamwambia akimbie mizunguko mitatu akiniambia kwa sauti kila unapotoroka. "Kutoka... kutoka... kuingia kidogo... kutoka." Basi ni kutoka. Gari linapotoka kwenye kona nguvu inakuja, magurudumu ya nyuma yanazidiwa na yanazunguka bure. Wakati huo huo mbele inang'ata vizuri. Hilo ni muhimu: watu wakiona mkia unatoroka husema nyuma imekufa, kumbe mara nyingine nyuma ni ile ile ya jana, ni mbele ndiyo imezidi. Unaweza kuponya kwa kuongeza nyuma au kwa kupunguza mbele. Kwenye ardhi yenye mshiko mdogo mimi huanza kwa kuongeza nyuma, maana ukipunguza mbele juu ya vumbi utabaki na gari lisilokata kona kabisa.

Tairi kwanza. Alizokuwa amefunga ni za meno mafupi, mpira wa kati, nzuri kwa ardhi ngumu yenye unyevu. Juu ya vumbi meno mafupi yanajaa unga na kuwa duara tupu. Sandukuni alikuwa na seti ya vipele virefu, mpira laini, alizonunua kwa mtu na kuzidharau kwa sababu "zachakaa haraka". Ni kweli zachakaa haraka. Lakini kipele kirefu hupenya vumbi na kufika pale pagumu chini, na mpira laini ndio unaoshika pale. Tukazifunga. Mzunguko wa kwanza tu alicheka. Sisemi tairi ni kila kitu, lakini kwa kisa hiki nusu ya dawa ilikuwa pale, na alikuwa nayo sandukuni tangu asubuhi.

Nusu iliyobaki tuliigawanya, jambo moja kwa wakati, mizunguko mitano kila jambo, na safari hii nikaandika mwenyewe nyuma ya risiti ya friji.

La kwanza lilikuwa kosa langu. Nikafunga springi laini nyuma, nikiamini nyuma itakaa chini zaidi na kushika. Ilikaa kweli. Akivuta triga gari lilichuchumaa kama paka anayetaka kuruka, pua ikainuka, magurudumu ya mbele yakawa mepesi, na gari likatoka kwenye kona kwa kusukuma moja kwa moja mpaka kwenye mawe. "Mjomba, hili nalo?" Nikarudisha springi yake bila maneno.

La pili likafanya kazi: vipande vidogo vya plastiki vinavyopanga mahali pa gurudumu la nyuma, tukavihamisha ili magurudumu yasogee mbele milimita mbili. Ni kazi ya dakika tano. Magurudumu yakisogea mbele, sehemu kubwa zaidi ya uzito inayakalia, na yenyewe yanashika zaidi. Gari likatulia wakati wa kutoka, tena bila kuinua pua kama mwanzo.

La tatu, stebilaiza ya nyuma kutoka 2.6 hadi 2.4. Nyuma ikaachiwa ilale kidogo, gurudumu la ndani likabaki chini badala ya kuning'inia. Likaongeza kidogo. La nne, kimo, milimita moja juu pande zote. Sikuona tofauti, yeye akasema ameiona, nikaiacha kwa ajili yake.

La tano halikuhitaji bisibisi. Ule mvuto wa mota alioupandisha asubuhi hatukuwa tumeushusha, umesahauliwa na wote wawili. Tukaushusha mpaka chini ya kiwango cha Oktoba, na ile breki inayojishika yenyewe ukiachia triga tukaipunguza karibu nusu. Kule kutoroka kidogo kwa kuingia kona kukaisha hapo hapo. Kwenye ardhi inayoteleza kidole ndicho difu ya kwanza.

Difu hatukuzigusa, na nataka niseme kwa nini, maana ndizo watu huziwahi. Najua kwa ardhi kama ile ya saa nane mchana, oili nyepesi zaidi ya kati, tuseme 5000, ingeacha nguvu ivujie mbele badala ya kuipiga nyuma yote kwa mshtuko, na 2000 nyuma ingelainisha kona. Lakini kufungua difu ni dakika arobaini, na ardhi ile ilikuwa inarudi kuwa nyingine ndani ya saa tatu. Ukirekebisha kwa kitu kinachochukua dakika arobaini jambo linalobadilika kila saa, utakuwa nyuma ya ardhi siku nzima. Vivyo hivyo mikono ya juu inayoshika magurudumu: ukiilaza karibu sawa na ya chini gari hulalia kona kwa upole, linafaa kwenye utelezi, ukiiinamisha zaidi gari huwa jepesi kugeuka na hulala kidogo. Tuliiacha ilivyo.

Kufikia saa tisa na nusu gari lilikuwa linakwenda. Si kama la sinema, lakini alimaliza mizunguko kumi bila kuzunguka hata mara moja, nami nikanunua madafu mawili.

Kisha saa kumi na moja upepo wa baharini ukatulia, jua likaanza kushuka, kipimo kikapanda 70, kisha 74. Kwa macho njia haikuwa imebadilika sana, labda imekoza kidogo kwenye kona ya chini. Kwa gari ilikuwa imebadilika. Mara ya kwanza lilinyanyua magurudumu ya ndani na kurudi. Mara ya pili likalala chali.

"Ndilo la asubuhi hilo," akasema kwa furaha, kama mtu aliyekutana na mwizi wake sokoni.

Gari kupinduka kwenye kona ni hesabu ndogo. Kabla ya kupinduka, gari lolote likipata nafasi huteleza. Linapinduka tu ikiwa mshiko wa tairi umezidi uwiano wa nusu ya upana wake na kimo cha kitovu cha uzito. Upana umefungwa na sheria, kwa hiyo vilivyobaki mkononi mwako ni viwili: kushusha uzito, au kupunguza mshiko. Vile vipele virefu laini, vilivyotuokoa saa nane, sasa vilikuwa vinajichimbia kwenye udongo uliolowa na kugeuka kuwa bawaba.

Tukarudisha meno mafupi. Likapinduka mara chache zaidi, lakini bado. Tukalishusha milimita mbili kutoka kimo cha Oktoba, 25 mbele na 26 nyuma. Na tukafanya jambo ambalo hakulijua: kwenye ukuta wa nje wa tairi za mbele tukapaka supaglu, utepe mwembamba kuzunguka, tukaiacha ikauke. Tairi ikilala kwenye kona, ukuta wake hukunjika na kuanza kung'ata ardhi kwa ubavu. Supaglu inaufanya ubavu ule uwe mgumu na uteleze. Mbele ikaacha kung'ang'ania. Mambo mawili, pamoja na tairi sahihi. Yale saba yake ya asubuhi hayakuhitajika. Oili ya 600 yenyewe ilikuwa inafanya gari lirukeruke kwenye yale mashimo ya njia ya nyuma, ila kwa kuwa halikupinduka tena hakuliona.

Hayo ya mshiko mkubwa tuliyajaribu kama dakika kumi tu, adhana ya magharibi ikatukuta. Tukaandika kadi mbili, moja ya ardhi iliyokoza na moja ya ardhi iliyopauka, kila moja na mistari isiyozidi sita, vyote vinavyoweza kubadilishwa ndani ya robo saa.

"Sasa kesho nitajuaje ni kadi gani?" akaniuliza njiani. "Mbio zaanza saa tatu. Saa tatu ni katikati. Nawe kipimo chako waondoka nacho."

"Mama yako chumvi huweka wapi?"

"Dirishani."

"Basi."

Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikiwa na kikombe cha kahawa, simu ikalia mlio wa ujumbe. Ilikuwa picha ya kikopo cha chumvi kimelazwa ubavuni, chumvi imeshikana donge moja na tone la maji limesimama ukingoni. Nikamjibu: meno mafupi, lakini saa nne kakitazame tena.